Maswali ya Wasomaji: Nani Ameikagua Rola Kosta Kabla Hujapanda?

Barua nyingi za toleo hili zimeelekea upande mmoja: usalama wa rola kosta, yaani zile treni za kujifurahisha zinazovutwa juu kwa mnyororo na kuachiwa ziteremke kwa kasi kwenye reli zilizopindapinda. Uganda haina bahari, lakini watoto wetu hupelekwa pwani kwa safari za shule, vijana wetu wengi wanafanya kazi katika nchi za Ghuba, na wapo wanaotamani mitambo ya namna hii kwenye fukwe za Ziwa Victoria. Nimechagua barua tano, na nimeficha majina ya walioziandika.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa ufundi mitambo hapa Jinja. Mwalimu wetu alitueleza kwamba rola kosta iliyo kando ya bahari hukaguliwa kila asubuhi kabla ya mtu yeyote kupanda. Mafundi hao hutazama nini hasa? Na kwa nini bahari itiliwe mkazo kiasi hicho, wakati chuma ni chuma popote kilipo? – Mwanafunzi, Jinja

JIBU: Mwanangu, kazi hiyo huanza kwa kufuli. Kabla fundi hajakanyaga njia ya treni, hukata umeme kwenye swichi kuu, akaifunga kwa kufuli lake mwenyewe na kutia ufunguo mfukoni. Wakiwa mafundi wanne, makufuli huwa manne, na mtambo hauwezi kuwashwa mpaka wa mwisho wao atoke na kufungua lake. Ukiajiriwa mahali ambapo kufuli moja hutumika kwa niaba ya watu wote, au ambapo ufunguo hutundikwa ukutani, lizungumze jambo hilo siku ya kwanza.

Baada ya hapo fundi huifuata njia kwa miguu, akitazama viungo kimoja baada ya kingine. Bolti ikishakazwa kwa spana yenye kipimo cha nguvu, huchorwa mstari mwembamba wa rangi unaoanzia kwenye nati na kuishia kwenye bamba la chuma lililo chini yake. Asubuhi fundi huutupia jicho mstari ule, na akiona umekatika, kipande kimoja kikiwa kimesogea mbali na chenzake, anajua kwamba nati imezunguka. Kwenye mishono ya kuchomelea hutafuta unyuzi wa kutu uliochomoza juu ya rangi, kwa sababu ufa mwembamba ambao jicho haliuoni hupitisha maji, na maji huitoa kutu nje. Hukagua mnyororo wa kupandishia, grisi yake na urefu wake, kwa kuwa mnyororo hurefuka kadiri unavyotumika. Hukagua pia vyuma vinavyoizuia treni isirudi nyuma ikiwa mlimani, vile vinavyotoa mlio wa ka-ka-ka ambao kila abiria huusikia wakati wa kupanda.

Treni yenyewe nayo hukaguliwa behewa kwa behewa. Kila behewa lina magurudumu ya namna tatu: ya juu yanayobeba uzito, ya ubavuni yanayoliongoza kwenye kona, na yaliyo chini ya reli yanayolizuia lisinyanyuke. Haya ya mwisho alipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu, John Miller huko Marekani mwaka 1919, na ndiyo yaliyowawezesha wabunifu kuchora miteremko mikali bila kuhofu kwamba behewa litaiacha reli. Fundi huyazungusha kwa mkono ili asikilize beringi, na hutazama kama tabaka la plastiki ngumu lililozunguka gurudumu limeanza kubanduka. Kisha huenda kwenye viti, akashusha kila kizuizi na kukivuta kwa nguvu kuelekea juu, kiti baada ya kiti, bila kuruka hata kimoja.

Hatimaye treni hutumwa ikiwa tupu, mara kadhaa, huku muda wake ukilinganishwa na wa siku zilizopita. Asubuhi ya baridi grisi huwa nzito na treni huenda polepole, na treni iliyo polepole mno inaweza kushindwa kuvuka kilima na kubaki bondeni. Ni baada ya safari hizo tu ambapo fundi hutia sahihi kwenye daftari na kumkabidhi mwendeshaji mtambo.

Ukaguzi wa asubuhi hautoshi peke yake. Fanya hesabu: treni ikienda mara 20 kwa saa, kwa saa nane, hizo ni safari 160 kwa siku, na kwa siku 300 ni safari 48,000. Katika kila safari ekseli ileile hupindwa kidogo na kuachiwa, na chuma kinachopindwa na kuachiwa mara nyingi huchoka na kupasuka hata kama mzigo wake haukuzidi kiwango hata mara moja. Kwa hiyo, kwa vipindi vilivyowekwa na mtengenezaji, mabehewa hufumuliwa yote, rangi ikaondolewa, na vyuma vikapimwa kwa njia zisizoviharibu. Hunyunyiziwa unga wa chuma huku vikitiwa sumaku, na unga hujikusanya penye ufa. Au hupakwa rangi inayopenya nyufa na kuonekana baadaye. Au hupimwa kwa mawimbi ya sauti ambayo masikio yetu hayasikii.

Kuhusu bahari, hapo sikubaliani nawe. Upepo wa baharini hubeba matone madogo sana ya maji ya chumvi na kuyaacha juu ya kila kitu. Maji yakikauka chumvi hubaki, nayo huvuta unyevu kutoka hewani mara tu unyevu huo unapopita takriban asilimia 75, na hivyo chuma cha pwani hubaki kimelowa usiku kucha hata kama hakujanyesha kwa wiki kadhaa. Zaidi ya hayo, chumvi hutoboa utando mwembamba unaozilinda baadhi ya metali, na ndiyo sababu hata chuma kinachosifiwa kwamba hakishiki kutu huota vishimo kikikaa karibu na mawimbi. Nguzo hupakwa zinki, ambayo huliwa kwanza ili chuma kisalimike, kisha hupakwa rangi, na sehemu nyingine huoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Mahali pa hatari ni pale pasipooshwa na mvua: chini ya mabamba ya bolti, ndani ya nguzo zilizo wazi kama bomba, na kwenye tako la nguzo ambako mchanga hurundikana juu ya zege. Rola kosta iitwayo Big One huko Blackpool, Uingereza, yenye kimo cha zaidi ya mita 60, imesimama mbele ya upepo wa namna hiyo tangu mwaka 1994, na inaendelea kubeba watu kwa sababu wapo wanaoikwangua, kuipaka rangi na kuikaza mwaka hadi mwaka.

Ziwa letu halina chumvi, kwa hiyo kutu ya Entebbe hailingani na ya Mombasa. Lakini mvua tunayo, unyevu tunao, na wale wadudu wa ziwani wanaotanda kama moshi na kukimbilia taa jioni wanaweza kufunika vioo vya vihisi vinavyotumia mwanga, yaani vifaa vinavyotambua treni inapopita. Ukipata kazi kando ya ziwa, tia kitambaa cha kufutia vioo katika mkoba wako wa vifaa.

SWALI: Mhariri, habari za kazi. Shule ya watoto wangu inapanga safari ya pwani, na katika ratiba kuna siku moja ya bustani ya michezo yenye rola kosta. Mimi si fundi. Je, kuna jambo lolote ambalo mzazi au mwalimu anaweza kulitazama mwenyewe, au tunalazimika kuamini tu? – Mama wa watoto wawili, Bweyogerere

JIBU: Mama, lipo la kutazama, tena bila kugusa chuma. Mwambie mwalimu atakayewaongoza watoto asimame kando ya kituo cha kupandia kwa dakika kumi kabla ya kununua tiketi, awaangalie wahudumu. Je, wanapita kiti kwa kiti wakivuta kila kizuizi kwa mkono, au wanatembea tu wakiwa wameinua kidole gumba? Je, mtoto aliye mfupi kuliko alama ya ubao hurudishwa hata mzazi wake akifoka? Je, simu, kofia na funguo huachwa kituoni? Bustani ambayo vijana wake wanayafanya hayo katika safari ya thelathini ya siku kama walivyoyafanya katika safari ya kwanza, huenda hata daftari lake la ukaguzi hujazwa kwa moyo uleule.

Kuhusu kimo, nakuomba uwe mkali. Kizuizi cha mapajani au cha mabegani kimebuniwa kwa mwili wa ukubwa fulani, na mtoto aliye mdogo kuliko ukubwa huo anaweza kuchomoka hata kama kizuizi kimefungwa barabara. Mzazi anayemvalisha mtoto viatu vya soli nene ili afikie alama anaondoa kinga ambayo mhandisi aliiweka kwa ajili ya mtoto huyohuyo.

Wala usidhani kwamba jicho la mtu wa kawaida halina thamani. Tarehe 30 Juni 2023, katika bustani ya Carowinds huko Marekani, mgeni mmoja aliitazama rola kosta iitwayo Fury 325 akiwa chini, akaona nguzo moja imepasuka karibu na kilele chake, na kila treni ilipopita ufa ule ulifunguka na kuacha pengo. Aliipiga picha ya video, na mtambo ulifungwa siku hiyohiyo. Nguzo ilibadilishwa, na mtambo haukufunguliwa tena mpaka mwezi Agosti. Ilikuwa rola kosta yenye kimo cha karibu mita 99, katika nchi yenye wakaguzi na wahandisi wengi, na bado aliyeupigia ufa huo kelele alikuwa mtu aliyekuja kustarehe. Watoto wako wakiona kitu kinachoning'inia au kizuizi kinacholegea, waseme kabla treni haijaondoka, na waseme kwa sauti.

SWALI: Shikamoo mzee wetu. Ninaendesha rola kosta katika bustani iliyo kando ya bahari, katika nchi moja ya Ghuba, na sasa niko nyumbani kwa likizo. Mtambo wetu hujisimamisha mara kwa mara na taa nyekundu huwaka bila sababu tunayoiona. Msimamizi hutuamuru tubonyeze kitufe cha kufuta hitilafu na kuendelea, kwa kuwa foleni ni ndefu, na kweli mara nyingi huwa ni kihisi tu kilicholiwa na chumvi. Nikikataa, nahofia mkataba wangu. Nifanye nini? – Mwendeshaji, Masaka

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Barua yako ndiyo iliyonifanya nitenge ukurasa huu wote kwa jambo moja, kwa sababu hali unayoieleza imewahi kuwakata watu miguu.

Njia ya rola kosta yenye treni zaidi ya moja imegawanywa katika vipande, na kompyuta hairuhusu treni kuingia katika kipande ambacho treni nyingine bado haijatoka. Vihisi huhesabu kila treni inayoingia na kutoka. Hesabu isipolingana, kila treni hushikwa mahali ilipo, juu ya mlima au kwenye breki. Breki zenyewe zimejengwa kwa fikra ya breki za upepo za lori: springi ndiyo inayobana, na upepo ndio unaoachia, kwa hiyo upepo ukiisha au umeme ukikatika, breki hufunga. Mtambo uliosimama umechagua upande wa usalama, kama ulivyobuniwa kufanya.

Sasa sikiliza yaliyotokea tarehe 2 Juni 2015 katika bustani ya Alton Towers nchini Uingereza, kwenye rola kosta iitwayo Smiler. Treni tupu ilitumwa kwa majaribio, ikashindwa kumaliza safari na kukwama njiani. Kompyuta iliizuia treni iliyofuata, ambayo ilikuwa na abiria 16. Wafanyakazi waliamini kwamba kompyuta imekosea, wakaupita uamuzi wake na kuiachia treni. Iliigonga ile tupu. Wasichana wawili walikatwa mguu mmoja kila mmoja, wengine waliumia vibaya, na uokoaji ulichukua zaidi ya saa nne. Mwaka 2016 mahakama iliitoza kampuni mwendeshaji faini ya pauni milioni 5, na wachunguzi waliitupia lawama kampuni yenyewe kwa kutoweka utaratibu na mafunzo ya kutosha, badala ya kuwaangushia mafundi waliokuwa zamu.

Angalia jinsi ajali ile inavyofanana na siku zako. Kihisi kikidanganya mara tisa, mikono huzoea kubonyeza kitufe, na mara ya kumi, pale kihisi kinaposema kweli, kitufe hubonyezwa vilevile. Chumvi iliyokula waya imeharibu kihisi, lakini ubaya wake mkubwa ni kwamba imewazoesha ninyi kutoiamini kompyuta.

Kwa hiyo usifute hitilafu yoyote kabla treni zote hazijaonekana kwa macho na kuhesabiwa kwa sauti, na idadi yake kulinganishwa na idadi ya treni zilizotolewa karakana asubuhi. Ikiwa kuna kona usiyoiona kutoka chumba cha udhibiti, atumwe mtu mwenye redio aifikie. Kamera isiyoonyesha njia yote haitoshi. Kufuta kufanywe na watu wawili, mmoja wao akiwa fundi aliyeidhinishwa, na kila mmoja aandike jina lake. Andika saa, namba ya kihisi, na kilichokutwa. Daftari likionyesha kwamba kihisi kilekile kimelia mara kumi na moja katika wiki moja, mkuu wa karakana hatakuwa na la kusema mbele ya mkaguzi wa nje, na kihisi hicho kitabadilishwa, kiwekewe kiungo cha waya kisichoingiza maji.

Msimamizi akikuamuru uendelee bila hayo, mwombe kwa adabu aandike amri yake na kuitia sahihi. Wengi husita hapo. Asiposita, ondoka kwenye kiti cha udhibiti na umjulishe mkuu wa usalama wa bustani. Najua uzito wa maneno haya kwa mtu aliye ugenini, anayelipa karo za wadogo zake kwa mshahara huo, na kukataa kunaweza kukugharimu kazi. Kabla hujarudi, tafuta anwani ya ofisi ya kazi ya nchi hiyo na ya ubalozi wa Uganda unaoihudumia, na uache nakala za kumbukumbu zako kwa mtu unayemwamini. Hata hivyo, kama itabidi kuchagua, chagua kupoteza mkataba. Ukaguzi wa asubuhi wote nilioueleza hapo juu, pamoja na kufuli zake na sumaku zake, hauna maana ikiwa mtu aliyeketi mbele ya taa nyekundu hana ruhusa ya kuitii.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi na wenzangu tuna kiwanja karibu na ziwa, na tumepata mtu anayeuza rola kosta iliyotumika Ulaya kwa bei nafuu. Tuulize nini kabla ya kulipa? – Mfanyabiashara, Entebbe

JIBU: Ulizeni karatasi kabla ya chuma. Mtambo usio na michoro ya mtengenezaji, kitabu cha matengenezo, taarifa za marekebisho zilizotolewa baada ya kuuzwa, na daftari la ukaguzi la miaka yote, hauna historia, na bei yake nafuu italipwa na abiria. Mtengenezaji akiwa bado yupo, mwandikieni moja kwa moja, kwa namba ya mtambo. Vigezo vya kuulinganisha navyo vipo: Ulaya hutumia EN 13814, Marekani hutumia viwango vya kamati ya F24 iliyoanzishwa mwaka 1978 katika shirika la viwango la ASTM, na upo wa kimataifa, ISO 17842. Mkaguzi awe mtu asiyelipwa na muuzaji.

Kisha tazameni kiwanja chenu. Mwezi Mei 2020 kipimo cha Jinja kilionyesha ziwa limefikia mita 13.42, kiwango kilichopita hata kile cha mwaka 1964, na fukwe nyingi za Entebbe zilimezwa na maji. Misingi ya nguzo ichorwe na mhandisi anayekumbuka mwaka huo. Huko Seaside Heights, Marekani, kimbunga Sandy cha Oktoba 2012 kilibomoa gati lililobeba rola kosta, na mtambo mzima ukabaki umesimama baharini kwa miezi. Ziwa letu halina vimbunga vya namna hiyo, lakini radi na dhoruba zake ni kali, kwa hiyo wekeni kipimo cha upepo na kanuni iliyoandikwa ya kufunga mtambo radi inapokaribia.

Jambo ambalo wawekezaji wetu hulisahau ni msimu. Blackpool na bustani nyingi za Ulaya hupunguza au kusitisha shughuli wakati wa baridi, na hapo ndipo mabehewa hufumuliwa. Sisi hatuna majira hayo. Krismasi, Idi, Pasaka na likizo za shule hufuatana, na mmiliki hapati siku anayoona ni halali kufunga. Jitungieni msimu wenu wenyewe: mvua za Machi hadi Mei, ambapo wateja ni wachache, ziwe wiki za kufumua, na mishahara ya mafundi ya wiki hizo iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo. Kama hesabu haikubali wiki hizo, mradi wenyewe haukubaliki. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inawabana kama waajiri, kwa hiyo fikeni mapema katika Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, kabla ya zege la kwanza kumwagwa.

SWALI: Mhariri, mwanangu alipanda rola kosta huko pwani, ikasimama juu kabisa kwa karibu nusu saa. Hajataka kupanda tena. Je, walikuwa hatarini? – Baba, Mbale

JIBU: Kwa maelezo yako, treni ilizuiwa kwenye mlima wa mnyororo, napo ni mahali pamojawapo ilipobuniwa kuzuiliwa. Vyuma vya kuzuia kurudi nyuma huishika hapo bila umeme, na pembeni huwa na ngazi kwa ajili ya kuwashusha watu. Abiria wa Big One ya Blackpool wamewahi kuteremshwa kwa miguu kwa njia hiyo. Hatari huja abiria anapojaribu kujichomoa mwenyewe. Mweleze mwanao kwamba akikwama tena abaki ameketi, mikono ikiwa juu ya kizuizi, mpaka mhudumu afike alipo na kumfungulia. Nusu saa ile huenda mafundi walikuwa wakizihesabu treni, na walifanya vyema kutoharakisha.